Ornette Coleman: ubishi juu ya albamu bora, na mtoto wa miaka 10 kwenye ngoma

Ornette Coleman alifariki mjini New York tarehe 11 Juni 2015, akiwa na miaka 85. Wapenzi wa muziki wake hawajamaliza kubishana hadi leo. Wakutanishe wanne mahali pamoja, uwaulize albamu gani ni bora kuliko zote, na chakula kitapoa. Wa kwanza atasema ile ya 1959, bila kufikiri. Wa pili atataja iliyorekodiwa 1971. Wa tatu atasema hao wote wameganda, Ornette wa kweli ni yule wa magitaa ya umeme. Halafu wa nne, ambaye kwa kawaida ndiye mpole, atataja The Empty Foxhole. Hapo sauti zinapanda. Watu wanaulizana: ile ya mtoto?

Ndiyo, ile ya mtoto. Lakini kabla ya kufika huko, inafaa kujua huyu Ornette alikuwa nani, na kwa nini watu wazima wanagombana juu ya diski zake.

Alizaliwa 1930 katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, katika familia maskini. Saksofoni alijifundisha mwenyewe. Alianza kwa kupiga muziki wa kuchezesha watu katika kumbi za Weusi. Mwaka 1949, huko Baton Rouge, Louisiana, watu walimvamia baada ya onyesho, wakampiga na kuiharibu saksofoni yake. Baadaye, Los Angeles, aliendesha lifti katika duka kubwa ili apate chakula. Saksofoni mpya ya chuma ilimshinda bei, akanunua ya plastiki, nyeupe, ambayo wenye dharau waliiona kama kitu cha kuchezea. Na usiku alipopanda jukwaani kuomba apige pamoja na wengine, kuna wanamuziki walioshuka.

Kosa lake lilikuwa nini? Katika jazz ya wakati ule, wimbo ulikuwa na njia iliyochorwa tayari. Piano inapiga akordi moja baada ya nyingine kwa mpango uleule, na anayepiga peke yake anatembea juu ya mpango huo. Ukigeuka, naye anageuka. Mpenzi wa rumba anaelewa jambo hili bila mwalimu: gitaa la kusindikiza likigeuka na mwimbaji asigeuke, kila mtu ukumbini anainua kichwa. Ornette alitoa piano kabisa. Kwake, sauti ile inayoimbika ndiyo inayoongoza. Akitaka kukaa mahali pamoja muda mrefu anakaa, akitaka kuhama anahama, na mpiga besi anamfuata kwa masikio. Wengine walisikia uhuru. Wengine walisikia mtu asiyejua kazi.

Sasa turudi kwa wale wanne na ubishi wao.

Anayechagua 1959 anazungumzia The Shape of Jazz to Come. Ilirekodiwa siku moja tu, tarehe 22 Mei 1959, California: Ornette, Don Cherry kwenye tarumbeta ndogo, Charlie Haden kwenye besi na Billy Higgins kwenye ngoma. Wimbo wa kwanza, Lonely Woman, ni mzito wa huzuni: ngoma zinakimbia, huku saksofoni na tarumbeta zikiimba polepole juu yake, kama msiba unaopita kando ya barabara yenye magari mengi. Mtu akiusikia mara moja anaukumbuka. Novemba mwaka huohuo kikundi kiliingia katika baa ya Five Spot, New York, kwa mkataba wa majuma 2, kikakaa zaidi ya miezi 2. Leonard Bernstein, kiongozi mkubwa wa orkestra, alikuja akasifu. Miles Davis alisema maneno makali. Mwaka 2012, Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza albamu hiyo katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Kwa hiyo anayeichagua hakosei. Lakini kuna uvivu kidogo katika chaguo hilo. Kufikia wakati huu hakuna anayehitaji ujasiri kusema The Shape of Jazz to Come ni nzuri; ujasiri ulihitajika 1959. Tena, mtu akifunga hesabu hapo, anamzika Ornette akiwa na miaka 29, wakati alikuwa bado na miaka zaidi ya 50 ya kazi mbele yake.

Kuna pia kundi la Free Jazz, iliyorekodiwa 21 Desemba 1960. Vikundi viwili vya watu 4 vinapiga kwa wakati mmoja, kimoja upande wa kushoto, kingine upande wa kulia, dakika 37 bila kukata. Jina la albamu likawa jina la aina nzima ya muziki. Wengi wanaitaja. Waliofika mwisho wake zaidi ya mara mbili ni wachache, na hao huwa hawajigambi.

Yule wa 1971 ana hoja nzito. Albamu yake ni Science Fiction. Humo Ornette aliwarudisha rafiki zake wa zamani, wakiwemo wapiga ngoma wake wawili wakubwa, Billy Higgins na Ed Blackwell, akaongeza wapya, na akamkaribisha Asha Puthli, mwimbaji kutoka India, katika nyimbo 2. Kuna mahali mtu anasoma shairi na kilio cha mtoto mchanga kinasikika katikati ya vurugu ya vyombo. Ni albamu yenye joto. Kama ingekuwa ni kura tu ya uzuri wa sauti, labda hii ndiyo ingestahili ushindi, kwa sababu ina Ornette wa zamani na wa baadaye ndani ya chumba kimoja.

Wa magitaa anazungumzia Dancing in Your Head, ya 1977. Magitaa 2 ya umeme, besi ya umeme, ngoma, na sauti moja fupi inayorudiwa na kurudiwa mpaka inaingia mwilini. Mwishoni kuna kipande kilichorekodiwa Moroko mwaka 1973, Ornette akipiga pamoja na wanamuziki wa kijiji cha Joujouka. Msikilizaji aliyekulia kwenye magitaa yanayosukana, kila moja na maneno yake, hatapata shida na albamu hii hata kidogo. Waliopata shida ni wale waliokuwa wanangoja Lonely Woman nyingine.

Sasa ile ya mtoto.

Denardo Coleman alizaliwa 1956, mtoto wa Ornette na mshairi Jayne Cortez. Ngoma alianza akiwa na miaka 6. Wazazi wake waliachana mwaka 1964. Septemba 1966, baba yake alimwingiza studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, mahali walipopita wakubwa wengi wa jazz, kurekodi kwa kampuni ya Blue Note. Walikuwa watu 3 tu: baba, Charlie Haden kwenye besi, na mtoto wa miaka 10 kwenye ngoma. Tena Ornette hakubaki kwenye saksofoni peke yake. Alipiga pia tarumbeta na fidla, vyombo alivyojifundisha mwenyewe katika miaka aliyokaa mbali na jukwaa.

Ieleweke kwamba hakukosa mpiga ngoma. Miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 1965, alikuwa Stockholm na Charles Moffett, mtu wa Fort Worth kama yeye, aliyekomaa katika kazi. Rekodi za huko, At the Golden Circle, zinapendwa na karibu kila mtu. Kwa hiyo kumweka mtoto kulikuwa ni kuchagua.

Wanamuziki na wachambuzi wengi walichukia. Na hoja yao si ya kijinga. Walisema uwanja wa nyumbani ni kitu kimoja, na diski inayouzwa kwa pesa ni kitu kingine. Mtu ametoka na mshahara wake, amenunua, anapofika nyumbani anasikia mtoto akijifunza. Walisema pia kwamba New York ilikuwa imejaa wapiga ngoma wazima, wenye familia, waliongoja simu ya studio bila kuipata. Baba akimpa mtoto wake nafasi kama hiyo, hapa kwetu watu wangekuwa na neno la kusema, na neno hilo lisingekuwa zuri.

Ukiisikiliza bila kujua habari yoyote, unasikia nini? Wimbo wa kwanza, Good Old Days, ni bluzi, na saksofoni ya Ornette ni ileile inayolia kama mtu. Ngoma haziushiki mwendo sawasawa. Zinaanguka mbele, zinachelewa, zinapiga mahali mtu mzima asingepiga, kisha zinanyamaza ghafla kama mtoto aliyeona kitu dirishani. Haden, chini, anashikilia nyumba isianguke. Katika Faithful, wimbo wa polepole, mtoto anapiga kidogo sana, kwa uangalifu, na hapo ndipo mtu anagundua kwamba anasikiliza. Hajui kazi kama Higgins. Anayedai anajua anadanganya. Lakini masikio yake yako kwa baba yake, na kila Ornette anapogeuka, kuna kitu kinagonga.

Watetezi husema Ornette alitafuta mpiga ngoma asiye na mazoea. Mtu mzima huja na mikono iliyokwisha kufundishwa mahali pa kuweka kila pigo, hata umwambie awe huru. Mtoto hakuwa na cha kusahau. Hoja hii ni nzuri, ila inasahau jambo moja: Ornette mwenyewe alikuwa ameambiwa kwa miaka mingi kwamba hajui kupiga, kwamba arudi akajifunze kwanza. Mtu aliyeshushiwa jukwaa Los Angeles na kupigwa Baton Rouge, je, ndiye angemwambia mwanawe angoja hadi atakapojua?

Hata hivyo, hatari haikuwa ya baba peke yake. Ornette alikuwa na miaka 36 na ngozi ngumu. Matusi alikuwa ameyazoea. Jina la Denardo nalo liliandikwa kwenye jalada, na watu wazima waliandika na kusema wazi kwamba huyo mtoto hawezi. Kuna watoto ambao kwa maneno kama hayo wangeacha ngoma siku ileile na wasimsamehe baba. Swali hili linawagawa mashabiki kuliko swali la nani alipiga vizuri, ingawa mara nyingi hawalisemi: je, baba alimpa mtoto zawadi, au alimtwika mzigo wake? Sikiliza vizuri wanavyobishana. Aliye na watoto na asiye na watoto hawabishani kwa sauti moja.

Kilichofuata kinajulikana. Denardo hakuacha. Mwaka 1968, akiwa na miaka 12, alipiga na baba yake mbele ya watu huko Berkeley, California, na rekodi ya siku hiyo ikaitwa Ornette at 12. Alikua, akawa mpiga ngoma wa kikundi cha umeme cha baba yake, Prime Time, na msimamizi wa kazi zake. Mwaka 1985 alikuwa studio pamoja na Jack DeJohnette, mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa Marekani, katika Song X, albamu ya Ornette na Pat Metheny. Hakukaa pembeni.

Oktoba 2005 Ornette alipiga Ludwigshafen, Ujerumani, na wapiga besi 2 na Denardo kwenye ngoma. Onyesho hilo likatoka 2006 kwa jina la Sound Grammar, na mwaka 2007 likapata tuzo ya Pulitzer ya muziki. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kupewa rekodi. Na Juni 2014, huko Brooklyn, Denardo ndiye aliyekusanya wanamuziki kumsherehekea mzee. Ornette, akiwa amedhoofika, alipiga kidogo. Hakupiga tena mbele ya watu baada ya hapo.

Sound Grammar nayo ina wapenzi wake katika ubishi, ingawa wengi wanaitaja kwa heshima ya tuzo tu. Kuna njia bora ya kuitetea. Ndani yake kuna Turnaround, bluzi ambayo Ornette aliirekodi mara ya kwanza 1959, katika Tomorrow Is the Question! Kwenye ngoma siku hiyo alikuwa Shelly Manne, mtu wa studio mwenye jina, mwenye mkono safi usiokosea. Weka ile ya 1959, kisha weka ya 2005. Manne anautunza mwendo vizuri na Ornette anatembea juu yake, kila mmoja na kazi yake. Katika ya pili mzee ana miaka 75, pumzi si ileile, na nyuma yake yuko yule mtoto, sasa na miaka 49, akimfuata mahali asipotangaza kwamba anakwenda. Wa nne, yule mpole, anapenda kumaliza ubishi kwa kuwasikilizisha wenzake hizo mbili, halafu anarudi kwenye Faithful ya 1966. Wa kwanza bado anasema 1959.