Nyumba na Shamba: Safari Yetu Ng'ambo ya Tanganika

Zamani mtu aliyetoka Kalemie kwa miguu na kulifuata bonde la Lukuga aliziacha nyumba upesi, akaingia katika mihogo. Siku hizi atembea saa nzima, na nyumba hazimwachi. Pale tulipolima pamoja na wazazi wetu pana kuta za matofali. Na kati ya kuta hizo kimebaki kishamba chenye upana wa mkeka, ambamo mama apanda lengalenga. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za pwani. Waliofukuzwa na maji walitafuta mahali pa kujenga, wala hawakuwa na kosa. Lakini walijenga wapi? Juu ya mashamba.

Katika ukoo wetu wenyewe jambo hilo limeleta majonzi. Asubuhi moja mjomba wetu alikwenda kulima, akakuta vigingi vimesimikwa katika mihogo yake. Mtu wa mjini alikuwa amenunua mahali pale kwa mkubwa mmoja, ambaye hakumwuliza mjomba wala ndugu zake. Mashauri yalidumu miaka miwili. Mwishowe mjomba alipewa fedha kidogo: zilitosha kununua mabati, hazikutosha kununua shamba. Tangu siku hiyo anunua unga sokoni kama mtu wa mjini, naye si mtu wa mjini.

Basi, katika likizo kubwa ya mwaka 2024, sisi walimu watatu tuliabiri chombo cha mizigo tuvuke ziwa. Tulikuwa tumesikia ya kwamba huko Tanzania kila kijiji kina haki ya kupanga ardhi yake: hapa nyumba, hapa shamba, hapa msitu. Tulitaka kuyaona hayo kwa macho yetu. Tulilala juu ya magunia, na kulipopambazuka tuliona milima ya Kigoma na michikichi iliyosimama mabondeni, kama ile ya kwetu. Watu wa pwani hizi mbili hula mawese yale yale.

Kutoka Kigoma tulipanda gari katika barabara iendayo Kasulu, tukashuka penye kijiji kimoja cha mlimani. Tulipiga hodi katika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alitupokea kwa heshima, akatuletea viti, akasema: "Karibuni, wageni wa ng'ambo. Mmekuja kuomba ardhi?" Tukajibu: "La, mzee, tumekuja kuomba akili." Akacheka, akatuonyesha ramani iliyotundikwa ukutani.

Ramani hiyo ilikuwa na rangi nyingi. Penye makazi palikuwa na rangi moja, penye kilimo nyingine. Malisho, msitu na chemchemi zilikuwa na rangi zao, na upande mmoja palikuwa na ardhi ya akiba kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Mwenyekiti alitueleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kuitunza ardhi, lakini halmashauri haiwezi kuigawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi nao hupitishwa na mkutano huo huo. Tena sheria hiyo yabatilisha desturi yo yote imnyimayo mwanamke haki ya ardhi. Wakitokea wagombanao, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kwa habari ya maji, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tuliposikia hayo tulitazamana, tukikumbuka nyumba za pwani ya kwetu.

Kisha tulitembea naye. Nyumba zilikuwa karibu karibu pande zote mbili za barabara, na nyuma yake migomba. Baada ya mstari wa miti hazikuwako nyumba tena, ila mihogo, maharage na kahawa mpaka chini bondeni. Mahali pamoja tu tuliona msingi wa mawe katikati ya shamba, umeota majani. Kijana mmoja alikuwa ameanza kujenga pale, katika shamba la baba yake. Wazee wakamwita, wakamwonyesha ramani ambayo baba yake mwenyewe aliikubali mkutanoni, wakampa kiwanja penye makazi. Hakufurahi, lakini alihama. "Tungalimwachia huyu mmoja," akasema mwenyekiti, "mwakani wangalikuwa kumi."

Tulidhani tumeona mwisho wa jambo, kumbe tulikuwa tumeona nusu tu. Jioni bibi mmoja mzee, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni pake, alituuliza: "Wanangu, mwaona nyumba hizi zimepangwa vizuri?" Tukaitika. Akasema: "Mimi sikuzipanga. Nililetwa hapa."

Akatusimulia habari za mwaka 1972. Mwaka ule watu wa Kigoma walihamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika, wakakusanywa vijijini. Na tangu mwaka 1973 hata 1976 serikali ilifanya hivyo katika nchi nzima, ikahamisha mamilioni ya watu. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu. Lakini wengi hawakuulizwa. Bibi huyo aliiacha migomba yake yenye kuzaa, akalala chini ya nyasi mpaka nyumba ilipokwisha. Shamba la zamani likawa mbali, na udongo wa karibu na kijiji, uliolimwa na wote kila mwaka, ukachoka. Kisha watu wakapanda kulima milimani, wakakata miti, na mvua ikaushusha udongo mabondeni. Ndivyo milima mingi ya upande wa Gombe ilivyobaki uchi, hata mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ikaanza kazi ya TACARE pamoja na wanakijiji, ya kupanda miti na kutunza udongo. Na baadaye vijiji kadhaa vikachora mipango yao na kutenga misitu yao.

"Mistari ile ya kwanza ilichorwa na wengine, nasi tuliivuka usiku," akasema bibi. "Hii ya sasa nilikuwapo ilipochorwa. Mguu wangu uliipita yote."

Wasomaji, neno hilo tulirudi nalo chomboni. Kwetu Kongo sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Juu ya ardhi wanayokaa na kulima wenyeji, sheria hiyo iliahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Na miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Katika pengo hilo ndimo vigingi vilimoingilia shamba la mjomba. Wala tusidhani majirani wamekwisha kushinda: kwao pia viko vijiji visivyo na mpango, na watu wengi bado hawana hati. Lakini tumejifunza kwamba mstari uliochorwa kwa nguvu haukai, na mahali pasipo mstari mwenye fedha huchora wake.

Basi tusingoje. Wazee wanaojua mipaka bado wako hai, lakini hawatakaa siku zote. Tutembee nao, vijana na akina mama wakiwapo. Tupande miti penye mipaka. Tuandike majina na kuyasoma mbele ya wote. Tukubaliane ni wapi mtoto atakayeoa atajenga, na ni wapi hapana mtu atakayejenga.

Tuliporudi tulimsimulia mjomba hayo yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Ni lini mtakusanya watu?" Tumemtajia siku. Amesema atakuja na jembe, si kulima, bali kutuonyesha mahali mpaka ulipokuwa.