Gesi Tunayoisikia na Ile Tusiyoisikia

Kiswahili kina jambo linalowashangaza wageni: harufu tunaisikia, kama sauti. Nilipoanza kusoma isimu ndipo nilipoona kwamba kwetu Goma kitenzi hicho kinagusa uhai wa watu.

Katika vilindi vya Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Imo pia salfidi ya hidrojeni, itokanayo na bakteria wanaotumia salfeti pasipo na oksijeni. Bakteria wa namna hiyo huwasumbua hata wachimba mafuta: maji ya bahari yakisukumwa ardhini ili kuyatoa mafuta, salfeti iliyomo hugeuzwa gesi ile ile. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huvuta maji ya kilindini, hutoa methani, kisha huyarudisha maji chini. Mwendo wa maji hayo lazima uigizwe kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu yakirudishwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoifungia gesi.

Salfidi hunuka kama yai bovu. Kihisio cha kielektrokemia huitambua hivi: gesi hugusa elektrodi, mkondo mdogo wa umeme hupita, namba hupanda. Ikiwa nyingi mno hulemaza pua, na mtu hudhani imekwisha. Hewa ya ukaa, yenyewe, hainuki kabisa, na kihisio hicho hakiioni. Ndiyo hiyo inayojaa kwenye mashimo na mabonde kati ya Goma na Sake. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Humuua mbuzi, kisha mtoto aliyemfuata.

Sisi tunaiita mazuku. Maandishi ya sayansi hulifasiri neno hili kuwa "upepo mbaya", ingawa ndani yake hamna upepo wala ubaya. Wengine hukimbilia "mzuka"; lakini kufanana si ushahidi. Mimi natazama matumizi. Shangazi yangu hasemi "kuna gesi". Husema "pale ni mazuku", akionyesha shimo kwa kidevu, na watoto hawashuki, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Neno hilo moja limebeba mahali, kimo na saa.

Tangazo likiandika "gesi" tu, msomaji atanusa kwanza. Asiposikia harufu, atashuka. Matangazo hayo tutaombwa kuyatafsiri sisi wa kitivo hiki. Tuandike mazuku.