Hekta 60 nilizoziandika mimi

Mwezi Mei 2018 niliandika kwenye ripoti kwamba kijito kimoja cha Wilaya ya Mkuranga kinaweza kumwagilia hekta 60. Haikuwa kweli. Kijiji sitakitaja, kwa sababu watu wake wameshaandikwa vya kutosha kwenye makaratasi ya watu wengine. Na walionituma siwatupii lawama: kipimo nilichukua mimi, hesabu nilipiga mimi, na sahihi iliyo chini ya ukurasa wa mwisho ni yangu.

Naishi Mbagala, upande wa Charambe, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukagua ardhi na maji kabla skimu ya umwagiliaji haijajengwa. Kutoka Rangi Tatu unashika barabara ya Kilwa, unapita Kongowe na Vikindu hadi Mkuranga mjini, kisha bodaboda inakuingiza kwenye njia ya mchanga katikati ya minazi na mikorosho. Siku ile kijito kilikuwa kimejaa. Nilichagua mahali kinaponyooka, nikapima upana na kina, nikachomeka vijiti viwili vyenye umbali wa mita 10 kati yake, nikaachia chungwa lielee. Lilitumia sekunde 25. Maji ya chini huenda taratibu kuliko ya juu, kwa hiyo mwendo ule unazidishwa kwa 0.85. Nikapata kama lita 100 kwa sekunde. Mpunga, ukijumlisha na maji yanayopotea njiani, nilikadiria unahitaji lita moja na nusu kwa sekunde kwa kila hekta. Jibu lilikuwa hekta 66 na ushee. Nikaishusha hadi 60, nikaamini kwamba nimekuwa mwangalifu.

Hesabu yenyewe haina kosa hata leo. Kosa ni mwezi. Mei ni mkia wa masika: ardhi imeshiba, kila bonde linatiririka, na kijito kinabeba maji ambayo Septemba hayatakuwepo. Kila aliyesomea kazi hii amefundishwa kwamba skimu hupangwa kwa maji ya mwezi mkavu kuliko yote, tena kwa kiasi ambacho mkulima atakipata angalau miaka minne kati ya mitano. Kujua hilo kunataka vipimo vya miaka, na vijito vidogo vya Pwani havina wa kuvipima. Basi kinachobaki ni kurudi kiangazi, kuuliza watu, na kusoma dalili. Kurudi sikurudi, maana ripoti ilitakiwa Juni. Kuuliza, niliuliza idadi ya kaya na mazao wanayolima. Na dalili niliipiga picha mwenyewe.

Picha hiyo ninayo hadi sasa. Hatua chache kutoka ukingoni, chini ya mkorosho, pana shimo pana lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, na upande mmoja limechongwa ngazi. Ngazi zimelika katikati kwa nyayo. Ya kwanza na ya pili zinaonekana, ya tatu imezama nusu, nyingine ziko ndani ya maji, kwa kuwa siku ile shimo lilikuwa limejaa karibu na mdomo. Kwenye tawi imening'inizwa kata ya kifuu cha nazi. Chini ya picha niliandika: vyanzo vya maji ni vingi.

Nani anachonga ngazi za kushukia majini kando ya kijito kinachotiririka? Ni mtu aliyekwisha kuona kijito kikikauka na maji yakijificha chini, mwaka hadi mwaka, mpaka miguu ya wanawake na watoto ikaula udongo. Kipimo cha kiangazi nilichokuwa nakihitaji kilikuwa kimechongwa pale, ngazi kwa ngazi. Ningehesabu tu ngazi zilizozama ningejua maji hushuka kiasi gani. Nilisimama juu yake nikatafuta mahali pazuri pa kupigia picha.

Ardhi nayo niliikosea vilevile. Bonde nililolichorea ramani lilikuwa na sehemu kubwa ya majani marefu, na mimi nikaandika "haitumiki". Mwenyekiti na wazee waliokaa nasi barazani walisema bonde ni la kijiji, nikaridhika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatenganisha ardhi ya pamoja, ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu au familia, na ardhi ya akiba, na haisemi kwamba shamba lililopumzishwa limekosa mwenyewe. Sehemu ile ya majani ilikuwa vishamba vya mpunga vya wanawake. Wengine walivirithi kwa mama zao, huvilima mwaka mmoja na kuvipumzisha mwaka mwingine. Hakuna aliyewaita kikaoni, wala mimi sikuuliza kwa nini hawapo.

Tena palikuwa na mikorosho na minazi humohumo. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa maana yake: mti uliopandwa ni hati, una aliyeupanda na una atakayeurithi hata pale ardhi ya chini yake inapolimwa na mwingine. Kwenye jedwali langu miti ile niliiweka katika safu ya gharama za kusafisha eneo. Nililelewa Pwani. Babu yangu alikuwa na minazi kwenye kiwanja cha jirani na sisi watoto tulijua ni ipi yake. Sina pa kujificha kwamba sikujua.

Fedha zilipatikana. Banio la zege likajengwa, mfereji mkuu ukachimbwa, mwingi wake kwa mikono ya wanakijiji wenyewe waliochangia nguvu na ada ya chama. Masika ya 2021 walivuna mpunga mzuri, wageni wakaja wakapiga picha. Kisha mvua ikakatika. Kufika Septemba, maji yaliyobaki mbele ya banio yalijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde saba au nane. Piga hesabu mwenyewe: hayafiki lita tatu kwa sekunde, ambayo kwa kipimo changu ni hekta mbili kasoro. Nayo yakiingia kwenye mfereji wa udongo uliopita mchangani yananywewa kabla ya kufika jaruba la kwanza. Mbaya zaidi, hayo ndiyo maji yaliyokuwa yakilisha kile kisima chenye ngazi, na ndiyo waliyokuwa wakinyweshea mbuzi watu wa kitongoji cha chini. Sheria ya maji ya 2009 inataka maji ya kunywa na ya kuulinda mto yatengwe kwanza, ndipo mkulima agawiwe. Mimi nilimgawia mkulima yote. Usiku watu wa chini walipanda kuja kubomoa banio, ndugu wakashikana mashati, kesi ikafika kwa mtendaji.

Nilitumwa kwenda kuangalia kulikoni. Hapa ndipo penye jambo linaloniuma kuliko kile kipimo cha Mei. Niliandika ripoti ya pili, nikasema chanzo ni ukame uliotokana na mabadiliko ya tabianchi, na kwamba wakulima wanahitaji mafunzo ya matumizi bora ya maji. Vuli ya mwaka ule kweli ilichelewa, hata Mto Ruvu ulipungua na sisi wa Dar es Salaam tukaingia kwenye mgawo, kwa hiyo hakuna aliyeninyooshea kidole. Lakini zile ngazi zilikuwa zimelika miaka mingi kabla ya ukame ule. Nilijua wakati naandika. Watu waliokuwa wakiijua tabia ya kijito kwa miguu yao nikawaandika kuwa ndio wasiojua maji.

Wala sikuwa nimekosa mfano wa kunionya. Lower Moshi, skimu iliyokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, inasimuliwa darasani hadi leo. Hekta 1,100 zilipangwa kwa mpunga, na mpunga ukafanikiwa kiasi kwamba watu wa juu ya mto nao wakaanza kuulima kwa maji hayohayo. Skimu ya chini ikabaki na majaruba yasiyo na maji. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasimulia vijana wa mafunzo kisa hicho. Kule Mkuranga sikupanda juu ya kijito hata kidogo.

Na ningetaka shule ya karibu zaidi, ilikuwepo nyumbani. Teremka bonde la Mzinga, upande huu wa Mbagala, utawakuta watu wa bustani za mchicha na matembele. Baada ya aibu ile nilianza kwenda kukaa nao. Kijana mmoja alinionyesha matuta yake ya kiangazi yalivyo machache kuliko ya masika, ilhali eneo ni lilelile. "Mzee, tuta silipangi kwa maji ninayoyaona leo," aliniambia, "nalipanga kwa yatakayobaki." Wale walio karibu na bahari, siku za bamvua huonja maji ya shimo kabla ya kujaza keni, na wakiyakuta yana chumvi wanaacha kumwagilia hadi yapungue. Hawana kifaa hata kimoja. Wana kumbukumbu ya mwaka mzima, kitu ambacho ripoti yangu ya siku za masika haikuwa nacho.

Namba ikishatoka mkononi mwako inaanza kuishi peke yake. Mpango kabambe wa umwagiliaji wa mwaka 2002 ulisema Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji, na ukazigawa: milioni 2.3 zinafaa sana, milioni 4.8 kwa kiasi, na milioni 22.3 kidogo. Mara ngapi umesikia mgawanyo huo kwenye hotuba? Milioni 29.4 inatembea bila wenziwe. Yangu nayo iliondoka hivyo, imevuliwa tarehe na msimu. Niliikuta kwenye orodha ya skimu, nikaikuta kwenye andiko la kuombea fedha za awamu ya pili. Kote ilikuwa hekta 60, wala hapakuwa na neno Mei.

Mwaka 2023 niliomba kwa mwenyekiti nafasi ya kusema kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilisema hekta 60 ni kosa langu, kwamba masika maji yanaweza kuzitosha ila kiangazi hayafiki mbili, na kwamba yale niliyoandika juu ya mafunzo hayakuwa haki. Nikawaomba radhi akina mama wa vishamba vya bondeni. Sikuzomewa. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani alisema: "Maji tunayajua, mwanangu. Namba ndiyo hatukuijua. Sasa huko ulikoipeleka, utaifuta lini?"

Walikubaliana wenyewe kwamba mlango wa banio ufunguliwe tangu Juni, maji yapite yaende kisimani na kwa watu wa chini, na mfereji utumike masika tu, kuusaidia mpunga mvua inaporuka wiki. Baadhi ya akina mama wamerudishiwa vishamba vyao. Vingine vimepitiwa na mfereji mkuu, na fidia bado inazungumzwa. Mimi niliandika barua ya kusahihisha nikaipeleka kila ofisi niliyojua kwamba ina nakala ya ripoti. Zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Orodha ya mwisho niliyoiona bado inasema hekta 60, na sasa nazizungukia ofisi hizo moja moja nikiwa na ile picha ya kisima mkononi.