Kutu ya Kweli na Kutu ya Uwongo

Vijana wengi hupenda kuunda vitu vidogo kwa mfano wa vikubwa: majahazi ya mbao, magari ya waya, nyumba za makasha. Kazi hii ni njema, kwani hufundisha mkono na jicho, na humzuilia kijana nyumbani saa ambazo angezurura ovyo. Lakini mimi nilipata ndani yake funzo ambalo sikulitazamia, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nalizaliwa Mikese, penye stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru huonekana. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliifanya Mikese kuwa kituo chao cha shehena, na kutoka hapo wapagazi walichukua mizigo kuelekea Rufiji. Baba yangu alikuwa mtu wa kugeuza njia za treni. Alianza kazi siku za shirika la reli la Afrika Mashariki, na baadaye akatumika katika Shirika la Reli Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977.

Mwaka 2004, Baba alikuwa amekwisha kustaafu, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mimi nalikuwa kijana wa miaka 19, sina kazi. Kando ya stesheni palikuwa na behewa kuukuu la mizigo, la magurudumu manne, lililosahauliwa kwenye njia ya pembeni. Nikaazimia kuliunda kwa mabati ya makopo na mbao laini, kila mita moja ya behewa iwe sentimita tano katika mfano wangu.

Nilipomaliza nikalipaka rangi ya kijivu, likang'aa. Lakini kila aliyelitazama aliliona kitu cha kuchezea watoto. Basi nikatafuta namna ya kulichakaza. Kwanza nikachukua msumari nikalikwaruza kila upande, nikapaka rangi ya kahawia juu ya mikwaruzo, kisha nikampelekea Baba. Akaamkiwa, akaitikia, akalipokea, akalipapasa kwa vidole, kisha akacheka.

"Mwanangu, behewa hili lina tetekuwanga! Hapa karibu na paa nani alilikwaruza? Hapafikiwi na mkono wala mzigo."

Jioni ile, baada ya sala ya Alasiri, aliniambia nimwongoze mpaka kwenye behewa lenyewe. Hakuliona, lakini mikono yake ililijua. Akaushika mkono wangu akauweka penye komeo la mlango: rangi imekwisha, na chuma ni laini kwa kushikwashikwa. Akauweka penye kidaraja cha kupandia: katikati pamelika, kandokando rangi ingalipo. Akaniambia kwamba kutu ni chuma kinacholiwa na maji na hewa kwa pamoja. Huanza pale rangi ilipovunjika, kisha hutambaa chini ya rangi na kuiinua kama gamba. Penye kichwa cha msumari maji ya masika hukaa, na kutoka hapo michirizi ya kutu hushuka chini, haipandi juu wala haiendi kando. Vumbi jekundu hutoka ardhini, kwa hiyo huwa zito karibu na magurudumu na hupungua kadiri unavyokwenda juu. Paa huchujuka kwa jua.

"Kila kovu lina sababu yake," akasema. "Usiweke kovu usilojua limetoka wapi."

Nikaanza upya. Kwa vijana watakaopenda kujaribu, njia niliyoifuata ni hii. Kwanza nilipaka rangi ya kutu mwili mzima, nikaiacha mpaka ikauka kabisa. Kisha nililowesha kidogo mahali palipostahili kuchubuka, nikanyunyiza punje za chumvi, nikangoja maji yakauke na chumvi ishike. Juu yake nikapuliza rangi ya kijivu, tabaka jepesi. Mara ya kwanza nalitumia rangi ya maji kwa brashi. Chumvi ikayeyuka, kazi ikawa uji. Rangi ya mafuta ya kupuliza ndiyo iliyofaa. Ilipokauka nikaisugua kwa brashi na maji. Chumvi ikatoka na rangi iliyokuwa juu yake, na kutu ikachungulia chini kama inavyochungulia katika behewa la kweli.

Kwa michubuko midogo ya ukingoni nilichana kipande cha sponji ya godoro, nikakichovya katika rangi ya kahawia nzito, nikakifuta karibu chote juu ya karatasi, kisha nikagusa kwa wepesi. Hapa yapasa kufanya hesabu. Katika kipimo changu milimita moja ilikuwa sentimita mbili za behewa. Doa lenye upana wa ukucha wa kidole kidogo lingekuwa jeraha kubwa kuliko kiganja. Mwisho nilizimua rangi nyeusi kwa maji mengi na tone la sabuni, nikaiachia itiririke katika maungio, na penye magurudumu nikasugua vumbi laini la Mikese yenyewe. Nawaonya tu kwamba rangi ya kupuliza itumike nje penye hewa, na mtu asikwangue rangi ya kitu cha kale ili apate unga wake, kwani rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kazi ilipokwisha, mfanya biashara mmoja wa mjini aliliona. Akasema kwamba likiwa kazi ya kijana wa Mikese atanipa shilingi 40,000. Lakini kama nitakubali kusema kwamba liliundwa na fundi wa reli wa zamani za Wajerumani, atanipa 250,000, na wageni watalinunua. Nikaona fedha za kumpasulia Baba macho zimeletwa mlangoni. Nikajisemea moyoni: mimi nitanyamaza tu, na uwongo utakuwa wake.

Nikamweleza Baba. Alinyamaza kitambo, kisha akanikumbusha habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini majimaji na juu pakavu, akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu.

"Kutu hii umeitia wewe," akaniambia. "Ukimwonyesha mtu ustadi wako, ni ustadi. Ukimwambia imetiwa na mvua ya miaka 90, umemwibia. Na macho yangu usiyafanye kuwa sababu."

Nikaandika chini ya behewa: Mikese, 2004. Nikachukua zile 40,000. Baba alipasuliwa jicho moja mwaka uliofuata, baada ya ndugu kuchangiana; mwaka mzima huo aliutumia gizani, wala sikumsikia kunung'unika.

Baadaye nalisoma habari za Mmarekani John Allen, wa Monterey katika California, aliyesifiwa kwa kuunda reli ndogo yenye masizi na uchakavu kama ya kweli. Alifariki mwaka 1973, na siku chache tu baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Hata uchakavu wa kuigiza nao una mwisho.

Lile behewa la pembeni nalo halipo tena, na tangu mwaka 2024 treni za umeme huenda Morogoro kwa reli mpya. Baba amekwisha kurejea kwa Mola wake. Ninacho kitu kimoja nilichokiunda baada ya kupasuliwa kwake: mkono wa chuma wa kugeuzia njia, wenye urefu wa sentimita chache. Umepakwa rangi toka juu hadi chini, isipokuwa mahali pawili penye upana wa kiganja, ambapo chuma kitupu kinang'aa. Alipouona kwa jicho lake moja, hakuuliza ni nani aliyepakwaruza hapo.