Wimbo wa Dakika Moja na Nusu

Mkenya akitajiwa muziki wa pwani hahitaji kuuliza maswali. Masikio yake yatamletea taarab au chakacha, na pengine harufu ya biriani ya harusini. Ndiyo maana nilipata tabu ya istilahi mwaka ule niliofundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la North Carolina, Marekani. Wanafunzi wangu walitaka kuniambia kwa Kiswahili kuhusu muziki waupendao wazazi na babu zao, ambao huko Carolina zote mbili umepewa jina la fuo za bahari. "Muziki wa pwani" lilikuwa jina lenye mwenyewe tayari, nami sikuwa radhi kulitoa kwa mkopo. Tukakubaliana kuuita muziki wa ufuoni, na katika makala haya nitashikilia istilahi hiyo.

Ajabu ya kwanza ya muziki huu ni kwamba aghalabu hauna habari na bahari. Anayetarajia mawimbi na mbao za kutelezea majini, kama katika nyimbo za Beach Boys wa California, atatoka mikono mitupu. Muziki wa ufuoni kwa asili yake ni bluzi ya Wamarekani Weusi iliyotiwa mdundo wa kuchezeka, iliyorekodiwa na vikundi vya kuanzia miaka ya 1940. Ufuo umeingiaje basi? Umeingia kwa mlango wa ubaguzi. Katika Kusini ya siku zile, kijana Mzungu hakuusikia kwa urahisi muziki wa Weusi katika mji wa kwao. Lakini akienda likizo Ocean Drive au Myrtle Beach, South Carolina, mbali na macho ya wazee wake, alikuta mashine za santuri zinazolishwa sarafu, na ndani ya mashine hizo walikuwamo waimbaji ambao nyumbani ni mwiko. Akaupenda muziki, akaupa jina la mahali alipoupatia. Jina hilo, kwa maneno mengine, ni kumbukumbu ya msikilizaji. Mtunzi hayumo ndani yake.

Na si kwamba mlango huo ulikuwa salama. Huko Myrtle Beach palikuwa na ukumbi wa Mmarekani Mweusi aliyeitwa Charlie Fitzgerald, katika mtaa wa Carver. Hapo walipiga wanamuziki wakubwa Weusi, na hapo vijana Wazungu walikwenda kutazama na kujifunza miondoko iliyoingia katika dansi iitwayo shag: wawili wameshikana mkono, viwiliwili vimetulia, kazi yote inafanywa na miguu. Usiku wa tarehe 26 Agosti 1950, Ku Klux Klan waliuvamia ukumbi huo kwa risasi nyingi, wakamteka Fitzgerald na kumpiga, wakamjeruhi masikio. Mmoja wa wavamizi aliuawa. Alipovuliwa joho lake jeupe alikutwa amevaa sare ya polisi. Mwaka 1984 shag ilitangazwa kuwa dansi rasmi ya jimbo la South Carolina. Miaka 34 tu inatenganisha matukio hayo mawili, na mimi kila nikiiona tarehe ya pili huikumbuka ya kwanza.

Miongoni mwa vikundi vyote vya muziki huu, niliyevutwa naye zaidi ni Maurice Williams na wenzake. Williams alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Lancaster, South Carolina. Akiwa bado shuleni aliunda kikundi na wenziwe, wakajiita Royal Charms. Walipofika Nashville kurekodi kwa kampuni ya Excello, wakabatizwa Gladiolas, na mwaka 1957 wakatoa wimbo wa Williams uitwao "Little Darlin'". Ulifanya vizuri kiasi. Punde si punde kikundi cha Wazungu kutoka Kanada, Diamonds, kikauimba upya na kuupandisha hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zinazopendwa Marekani nzima. Ndiyo iliyokuwa desturi ya biashara ile: Mweusi hutunga, Mzungu huvuma. Faraja ya Williams ni kwamba jina lake lilibaki kwenye santuri kama mtunzi. Wapo wengi ambao hata hilo hawakulipata.

Walipoachana na kampuni ile, jina la Gladiolas halikuwa lao tena. Fikiria hali hiyo, msomaji: kundi la vijana lenye sauti, nyimbo na gari bovu, lakini halina jina. Gari hilo ndilo lililowaokoa. Liliwaharibikia huko Bluefield, West Virginia, na katika kungoja litengenezwe wakaliona gari jingine, Ford ya Kiingereza ya aina ya Zodiac. Wakalichukua jina la gari la watu, wakawa Zodiacs. Mwanafunzi wa onomastiki anayetafuta maana nzito katika jina hilo asijisumbue.

Mwaka 1960, huko Columbia, makao makuu ya jimbo lao, waliingia katika jengo la mabati lenye umbo la nusu-pipa, lililogeuzwa studio, wakarekodi "Stay". Williams aliutunga wimbo huo akiwa na umri wa miaka 15. Kisa chake ni cha kijana yeyote: msichana alitakiwa awe amerudi kwao kufikia saa nne usiku, na mvulana hataki aondoke. Kampuni ya Herald ya New York iliponunua wimbo ilidai neno linalogusia uvutaji sigara liondolewe, redio zisije zikaukataa. Ukarekodiwa tena. Mnamo Novemba 1960 ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, na wote hauzidi dakika moja na sekunde arobaini.

Nilipowapa darasa langu jina la wimbo huo walitafsiri, nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Ilimaliza kipindi. Wa kwanza alisema "Kaa", na mwenzake aliyekwisha kulivamia kamusi akauliza kama tunamwita kaa wa ufuoni au kaa la moto. (Yule wa makaa hakuwa amekosa kabisa: kikundi mashuhuri cha Wazungu cha muziki huu, kilichoundwa Raleigh mwaka 1958, kinaitwa Embers, yaani makaa yanayong'aa chini ya jivu.) Wa pili alipendekeza "Baki". Nikasema baki ni la anayeachwa wengine wakienda. "Subiri" likaonekana la kituo cha basi. "Usiende" lilisifiwa, ila mmoja akagundua kwamba limekana kuondoka bila kusema neno juu ya kukaa. Ndipo mwanafunzi aliyekuwa kimya siku zote akauliza kwa nini tunamwamuru msichana wa watu. Mvulana huyu, alisema, hana amri yoyote. Ana dakika moja na nusu tu na mama wa msichana yuko macho. Akaandika ubaoni: "Ukae." Kiishio kile cha -e, nilichokuwa nimekifundisha wiki tatu bila mafanikio, kilieleweka siku hiyo.

Turudi kwa Williams. Wimbo ulisafiri bila yeye, kama ule wa kwanza. Hollies wa Uingereza waliuimba mwaka 1963, kisha Four Seasons, na baadaye Jackson Browne. Mwaka 1987 sauti ya Zodiacs wenyewe iliingia katika filamu ya Dirty Dancing, na kizazi kilichozaliwa baada ya santuri ile kikaijua. Kwingineko Marekani alihesabiwa mwimbaji wa wimbo mmoja. Katika Carolina zote mbili haikuwa hivyo. Huko alikuwa mwimbaji wa kila msimu: katika kumbi za kando ya bahari, karamu za vyuo na tamasha za miji midogo, mwaka hadi mwaka, wapigaji wakibadilika naye akibaki. "May I", wimbo wake wa katikati ya miaka ya 1960, ulifahamika mbali zaidi ulipoimbwa mwaka 1969 na Bill Deal na Rhondels wake kutoka Virginia Beach, lakini watu wa ufuoni walijua umetoka kwa nani.

Hapa ndipo nilipotofautiana na mwenzangu mmoja, mhadhiri wa fasihi, aliyeshikilia kwamba jina "muziki wa ufuoni" ni wizi uliopambwa, kwani linauondoa muziki kwa Weusi na kuukabidhi kwa mchanga na mapumziko ya Wazungu. Ushahidi anao. Mwaka 2001 South Carolina iliutangaza kuwa muziki rasmi wa kupendwa wa jimbo hilo, na mtu anaweza kulisoma jina hilo mara mia asiambiwe habari za mtaa wa Carver. Hata hivyo, ni watu hao hao wa mchanga na mapumziko waliomlipa Williams kuimba miaka ambayo New York na Los Angeles zilikuwa zimemsahau. Jina limemficha na jina limemlisha. Sioni sababu ya kufuta mojawapo ili hoja yangu ipendeze. Ninachodai ni kwamba anayefundisha muziki huu aanze na watunzi kabla ya kufika ufuoni.

Williams alifariki Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuishi muda mrefu mjini Charlotte. Tangu mwaka ule wa 1960 nyimbo nyingi zimeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard. Hakuna hata mmoja uliokuwa mfupi kuliko wake.