Simu ya Fahari na Thumuni ya Mjane



Wanafunzi wetu wapenzi, kila mwaka tukifika katika mlango wa biashara hakosekani kijana atakayeuliza: Ustadhi, simu ya bei kubwa ni israfu au si israfu? Nami humrudishia swali: bei kubwa kwa ajili ya kitu gani? Anayelipa zaidi apate kamera ya kupigia picha za arusi, nayo ndiyo kazi yake, hawi sawa na anayelipa zaidi ili simu ionekane mezani. Leo tuitazame moja iliyojulikana kwa bei yake kuliko kwa kitu kingine chochote, nayo ni Vertu.

Vertu ilianzishwa na Nokia ya Finland mwaka 1998, na simu yake ya kwanza ikatoka mwaka 2002. Zilikuwa zikiundwa kwa mkono huko Church Crookham, Uingereza. Kioo chake kilikuwa cha yakuti ya samawati ya kutengenezwa, isiyochunika kwa urahisi. Chini ya vitufe viliwekwa vijiwe vya yakuti nyekundu, kama vile vilivyomo ndani ya saa nzuri za mkono. Ubavuni kulikuwa na kitufe cha kumwita mhudumu, usiku na mchana, akukatie tiketi au akutafutie hoteli. Ile ya platinamu iliuzwa karibu dola 20,000.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2003 Nokia hiyo hiyo ilitoa 1100, ile ndogo yenye tochi ambayo wazee wenu wengi wanaikumbuka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kupiga, kupokea na kutuma ujumbe, aliyekuwa na 1100 hakupungukiwa na kitu. (Na ile ya platinamu ikiwa haina tochi, mwenyewe alikuwa na mhudumu wa kumwashia taa, nadhani.)

Sisemi kwamba kazi ya mkono haina thamani. Mlango wa Unguja uliochongwa una bei kuliko mbao za kugongelea, na anayeununua hakudhulumiwa. Saa nzuri ni hivyo hivyo. Lakini saa inajitegemea: utairithi kwa babu yako, utaitia ufunguo, nayo itakwambia wakati. Simu uhai wake uko mikononi mwa wengine, mwenye minara na mwenye programu. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilipozima mtandao wake wa kizazi cha pili mwanzoni mwa mwaka 2017, simu zilizoutegemea mtandao huo zilinyamaza zote, za plastiki na za thamani. Tena Vertu Ti ya mwaka 2013, ya euro 7,900, ilitoka na Android 4.0 ilhali toleo jipya zaidi lilikwishatoka, na 4G haikuwa nayo. Kioo cha kudumu karne kikafunika programu iliyozeeka dukani! Nokia iliiuza Vertu mwaka 2012, ikapita mikono kadhaa, na Julai 2017 kiwanda cha Uingereza kikafungwa. Watu karibu 200 wakakosa kazi. Jina limeendelea kutumika kwa simu nyingine.

Haya yalinifika mimi mwenyewe mwaka 2023, nilipoitwa hapa Tanga kusaidia hesabu ya mirathi. Marehemu alikuwa dereva Muscat, na tajiri wake alimpa Vertu ya chuma cha pua na ngozi. Ameacha mke, na watoto wa mke wa kwanza aliyetangulia kufariki: wavulana wawili na binti mmoja. Baada ya madeni kulipwa ilibaki nyumba ya shilingi 90,000,000, shamba la 10,000,000, fedha taslimu 5,000,000, na hiyo simu.

Mtoto mkubwa alisema simu ilinunuliwa dola 6,000. Kwa shilingi 2,500 kila dola, ni 15,000,000. Jumla ya mali 120,000,000, na thumuni ya mke ni 15,000,000. "Ustadhi, si mama achukue simu tu, sisi tubaki na nyumba? Imekuja sawasawa." Wala hakuwa na hila, aliamini. Mama wa watu naye alikwishakubali, akisema hana umri wa kugombana na watoto.

Nikaomba simu itiwe bei kwanza. Sonara aliigeuzageuza akairudisha: si dhahabu wala si fedha. Muuza simu wa kwanza alitaja 250,000. Wa pili hakuitaka. Wa tatu alifika 400,000, kwa kuwa ana mteja apendaye vitu vya zamani. Kijana akasema Ulaya wapo watakaotoa zaidi. Nikamwambia huenda, basi amlete mmoja. Mali ya mirathi hutiwa thamani kwa bei inayopatikana wakati wa kugawa, wala si kwa bei iliyolipwa Muscat na mtu mwingine. Kwa 400,000, mali yote ni 105,400,000 na thumuni yake 13,175,000. Yule mama angetoka mle ndani na kitu cha laki nne mahali pa milioni kumi na tatu na ziada.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu aifanye hesabu mwenyewe. Walikubaliana shamba liuzwe. Mjane akapewa zile taslimu milioni tano, na 8,175,000 kutoka katika fedha za shamba. Simu aliichukua mtoto mdogo kwa 400,000 ndani ya fungu lake, kwa sababu ndiyo baba yake aliyokuwa akimpigia kila Ijumaa. Kwake yeye huenda ina thamani ya dola 6,000 kweli, na hapo hapana sonara wa kumpinga.

Mafungu ya watoto nimeyaacha makusudi. Darasa la faraidhi, yafanyeni, kisha mniletee madaftari. Kila fungu likitoka kamili bila ya senti, mmepatia.