Karibu Kabla ya Hodi

Aendaye Nozawa Onsen, kijiji cha milimani katika mkoa wa Nagano nchini Japani, kuteleza thelujini, hahangaikii theluji. Huhangaikia chakula cha jioni. Migahawa ni midogo, na msimu ukikolea mgeni huoneshwa mikono iliyopishanishwa: pamejaa. Niliiona ishara hiyo mara tatu usiku mmoja. Kilichoniokoa ni oyaki ya moto, andazi lililojazwa nozawana, mboga ya majani ambayo wenyeji huitia chumvi ikawa achari. Huko Ogama, chemchemi inayokaribia nyuzi 90, wenyeji huchemsha mboga na mayai. Mgeni hutazama tu, na ni haki yao.

Basi tafuta mlango wenye pazia fupi la kitambaa, noren. Likining'inia, pamefunguliwa. Inama, pita, nawe utapokewa kwa “irasshaimase” kabla hujatamka neno. Kwetu karibu hungoja hodi, kule hutangulia. Agiza soba, tambi ambazo Nagano inasifika kwazo.

Kabla ya kula husemwa “itadakimasu”. Wapo wanaoifananisha na bismillahi, naona wanaipunja. Kitenzi chake, itadaku, ni kupokea kwa unyenyekevu, na asili yake ni kuweka kitu juu ya kichwa. Nduguye, itadaki, ni kilele cha mlima. Aliyeshinda akiteremka kileleni hukitaja tena mbele ya bakuli!

Nimejaribu “napokea”, nikajaribu “nimejaliwa”. Hakuna lililopanda mlima. Malenga wenzangu, mna lipi?